Kompyuta Niliyoibeba Mgongoni

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kila tatizo la dunia alilitazama kwa jicho la kitambaa. Mlango ukigoma kufunga, alitafuta pazia. Kiti kikiyumba, alitafuta tambara la kukunja chini ya mguu wake. Kwa hiyo wezi walipoanza kunyang'anya mikoba mchana kweupe katika barabara za Mangobo, upande wetu wa Kisangani, sikushangaa kumwona akiwaza mkasi na uzi, si kufuli.

Kilichokuwa kinamnyima raha ni kompyuta yangu ya mkononi. Tonton, mdogo wa baba, ndiye aliyeniletea kutoka Bukavu, ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, kona moja imebonyea na herufi mbili zimefutika. Karatasi ya kununulia hakuwa nayo. Niliipokea kama mtu anayepewa kazi, na kweli ilikuwa kazi. Wanafunzi wa chuo waliniletea tasnifu zao zimeandikwa kwa kalamu, kurasa zimejaa mishale na mikwaruzo, nami nikazichapa. Mume wangu alikuwa kazini Isiro, anarudi pale anaporuhusiwa, nami nikawa nimerudi kukaa kwa baba. Hatukuwa na mtoto. Tulikuwa na miaka kadhaa ya ndoa, na watu walishaacha kuniuliza, jambo lililoniuma kuliko walipokuwa wanauliza.

Ndani ya nyumba nilijilinda mapema. Binamu zangu waliifungua kompyuta nikiwa jikoni, wakapachika flash zao za filamu zilizozunguka nusu ya mji, na virusi wakaingia pamoja na filamu. Kazi ya mwanafunzi mmoja nusura ipotee. Siku hiyo nikaweka neno la siri, nikanuniwa nyumba nzima. Kisha baba akanishonea kimfuko kidogo ndani ya pindo la kikwembe changu, na flash yenye nakala za kazi zote ikakaa humo, nikitembea nayo kama mtu aliyeficha hirizi. Alitaka hata tuchore jina langu chini ya kompyuta kwa msumari, nikakataa. Niliona tutaiharibu uzuri, kana kwamba ilikuwa na uzuri wowote.

Shida ilikuwa njiani. Umeme katika avenyu yetu ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo kila mara nilipaswa kuipeleka kompyuta kuchajiwa kwa mtu mwenye jenereta upande wa Simi-Simi, nikae nayo palepale nikichapa mpaka ishibe, ndipo nirudi. Mkoba wake mweusi ulikuwa unapiga kelele. Mtu yeyote aliyeuona alijua kilichomo. Jirani yetu alikuwa ameshavutwa mkoba akiwa juu ya pikipiki, akaanguka akaumia bega, na mkoba wenyewe ulikuwa na makayabu, samaki wa chumvi, na vitunguu tu.

Jioni moja nilimkuta baba ameilaza kompyuta juu ya meza yake, anaipima kwa futi ya kitambaa kama anavyompima bwana harusi.

“Papa, unafanya nini?”

“Mwizi anakamata sac,” alisema bila kuinua kichwa. “Bon. Mwizi gani atakamata mutoto?”

Alifanya kazi hiyo kwa raha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu mama afariki. Alishona kifuko chenye sifongo pande zote. Juu akaweka kichwa cha mviringo alichokijaza vipande vya vitambaa. Chini akashona miguu miwili, akaijaza vizuri, akaivisha soksi.

“Sasa miguu ya kazi gani, papa?”

“Mutoto bila miguu ulimuona wapi?”

Tulicheka sana. Nilijifunga kile kitu mgongoni kwa kikwembe, miguu ikachungulia kiunoni mwangu kushoto na kulia, na baba akanizunguka mara kadhaa akirekebisha huku na kule. Nilijitazama katika kioo chake cha wateja. Kicheko kiliniishia. Nilionekana kama wanawake wenzangu.

Majirani walijua mchezo na hawakunihurumia. Nikipita waliniuliza kama machine imenyonya, na nikirudi wakauliza kama imeshiba courant au bado inalia. Niliwajibu kwa matusi ya kirafiki, siku ikapita. Lakini nikishavuka avenyu yetu hakuna aliyenijua, na huko ndiko mambo yalikobadilika. Wenye pikipiki walinipisha. Waendesha toleka, ambao kwa kawaida hukugusa kwa gurudumu la baiskeli ndipo wapige kengele, walishuka wakasubiri nipite. Kwa mwenye jenereta nilijifungulia nyuma ya pazia, na kwa kuwa yeye alikuwa anaijua siri, alinitengea pembe yangu. Kwa wengine wote nilikuwa mama. “Mama, pita.” “Mama, chunga maji hapo.” Sitasema uongo: nililipenda lile neno. Nililisikiliza njia nzima, kwenda na kurudi.

Kwenye njia panda, kabla ya kufika Simi-Simi, kulikuwa na mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa na kope za usingizi, na beseni lake lilikaa juu ya kigoda mbele ya ukuta ambapo vijana wasio na kazi walishinda wameegemea. Wale vijana ndio niliokuwa nawaogopa. Siku ya kwanza alinisalimu kwa kunyoosha kidole kuelekea mgongoni mwangu.

“Mutoto iko anaendelea aje?”

Vijana walikuwa wanasikiliza. Ningejibu nini?

“Iko analala, mama.”

Basi ikawa hivyo. Kila nilipopita aliniuliza, kila nilipopita mtoto alikuwa analala. Alinichagulia kwanga laini. Aliniambia nisimfunge chini sana, mgongo utamuuma. Alinieleza namna alivyowalea wake, ambao sasa walikuwa watu wazima huko Kinshasa na wanapiga simu wakikumbuka. Alianza kuniita mwana yangu. Mimi ambaye sikuwa na mama wa kumuuliza mambo ya kike, nilijikuta namuuliza, na kwanga yangu inapoa mkononi. Nilimuuliza mtoto anaanza kukaa lini. Nilimuuliza kama ni kweli uchungu wa kwanza unatisha. Alinicheka, akasema sasa ninauliza nini wakati nimeshapita huko.

Alitaka kumwona uso. Nikamwambia kwetu mtoto haonyeshwi mapema, baba yangu ni mtu wa mila za nyumba za zamani za Waislamu na hatapenda. Alikubali mara moja, hata akanisifu kwa kumtii mzazi.

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningesubiri vijana waondoke, niiname sikioni mwake, tucheke pamoja. Nina hakika angecheka mpaka beseni litikisike. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi aliponiita mwana yangu nikasema kesho.

Kisha akaniletea kofia. Aliifuma mwenyewe kwa uzi wa sufu, ya njano yenye mstari wa kijani, kofia ya kumvalisha mtoto mchanga katika joto letu hili kama tunavyofanya sote bila kujua kwa nini. Alikuwa ameiweka ndani ya majani safi ya kufungia kwanga isishike vumbi.

“Hata kama simuone,” alisema, “kichwa yake itakuwa inanijua.”

Nilimshukuru, nikaenda kwa mwenye jenereta, na siku hiyo sikuandika hata ukurasa. Nyumbani nilimwonyesha baba. Aliigeuza nje ndani, akatazama fundo kwa fundo, akasema, “Huyu mama anajua kazi.” Halafu akaikunja, akanirudishia. Nadhani ndipo alipoanza kuona kwamba mzaha wetu umefika kwa mtu asiyekuwa kwenye mzaha. Hakusema nivue mtoto, nami sikuvua. Tasnifu zilikuwa nyingi, wanafunzi walikuwa wanakaribia kuzitetea, na kompyuta ikiibwa ningekula nini?

Kuna jambo ambalo baba, pamoja na akili yake yote ya mkasi, hakuliwaza, wala mimi sikuliwaza. Mkoba wa mtu hakuna anayeugusa bila kumwomba. Mtoto mgongoni mwa mama yake huguswa na kila mwanamke wa Kisangani. Atamrudishia soksi iliyoanguka, atamfunika jua, atamfunua apate hewa, na hataomba ruhusa kwa mtu. Tuliificha kompyuta ndani ya kitu pekee barabarani ambacho mikono ya watu wema haikiachi.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Kompyuta ilikuwa imezima kabisa, simu yangu pia, nami nilikuwa naharakisha kwenda kuzichaji zote mbili. Nilisimama kununua kwanga. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja nisiyemjua, mteja kama mimi, na nikamsikia akiguna.

“Mutoto anaungua na jua hivi, na hata hahemi!”

Kabla sijageuka alikuwa ameshika mguu. Nikahisi mkono wake ukisita, kisha ukapanda, ukavuta kikwembe. Kile kichwa cha vitambaa kikaanguka upande. Kona ya kompyuta, ile iliyobonyea, ikatoka nje.

Bibi alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Alidhani amegusa maiti. Alipoona ni chuma, ukelele ukabadilika ukawa neno jingine, na neno hilo likishatamkwa katika njia panda hulirudishi tena.

“Mwizi!”

Vijana wa ukutani waliinuka. Wenye pikipiki walizima mashine. Mmoja alisema nimeiiba na kuivisha nguo za mtoto. Mwingine alisema la hatari zaidi, kwamba mtoto mwenyewe yuko wapi, nimemfanya nini, na hapo wanawake wakaanza kurudi nyuma wakinitazama kama ndoki, mchawi mla watoto. Nilishika kompyuta kifuani kwa mikono miwili.

“Ni yangu! Mimi ndiye mwenyewe!”

“Alors, fungua tuone!”

Nilibonyeza. Kioo kilibaki cheusi. Nikabonyeza tena.

“Iko ya kufa, haina courant. Lakini mot de passe naijua! Nitawaambia mot de passe!”

Walicheka. Kulinda kote kule, neno la siri refu lenye namba na herufi kubwa, na sasa lilikuwa halinifai kitu. Nakumbuka nilishika pindo la kikwembe ambamo flash ilikuwa imeshonwa, nikaliachia. Wangesema hata hiyo nimeiiba.

Bahati yangu, ofisi ya mkuu wa mtaa ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na wazee wawili wakashikilia kwamba nipelekwe huko kabla mkono wa mtu haujainuka. Kundi zima likatufuata. Mkuu wa mtaa alikuwa mtu mtulivu. Aliiweka kompyuta mezani pamoja na kichwa chake na miguu yake yenye soksi, akaitazama, akanitazama, akajitahidi asicheke. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Inawezekana unasema kweli,” alisema. “Lakini watu iko inje, na mimi sikujue. Donc unipatie mutu moja ya hapa mwenye kukujua. Moja tu. Kama hakuna, machine inabakia, na weye tunakupeleka kwa polisi.”

Niligeuka mlangoni. Mama muuza kwanga alikuwa amesimama pale. Alikuwa ameacha beseni lake wazi njia panda, yeye ambaye hakuliacha hata kwa mvua, akatufuata. Sikuwahi kufurahi kumwona mtu namna ile.

“Yule mama ananijua! Mama, waambie. Kila siku napita kwako. Waambie mimi ni nani.”

Mkuu wa mtaa akamuuliza kama ananijua. Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama mezani, soksi zile. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa vibaya.

“Mimi najua mama moja ya mutoto,” alisema taratibu. “Huyu simujue.”

Akaondoka. Watu walimpisha.

Nililia mbele ya wageni, nikasahau hata hofu ya polisi. Mkuu wa mtaa alinisogezea simu yake, na namba ya baba niliikumbuka kwa shida. Baba alikuja na futi shingoni, kofia ya sala kichwani, amevaa kandambili zisizofanana. Alisalimu vizuri, akasema kabla hawajagusa kitu, “Chef, mupasue hile kichwa. Mutakuta vipande vya robe ya harusi, nyeupe, na kitenge moja ya maua ya bluu.” Wakapasua, vikamwagika mezani. Kisha kompyuta ikapelekwa kwa mwenye jenereta, ambaye aliapa kwa sauti kwamba ananijua, na ilipopata uhai nikaandika neno la siri mbele ya mkuu wa mtaa, vidole vinakosea. Ilifunguka. Watu walipiga makofi. Bibi aliyenifunua alinishika mkono, akanipa pole, na akanigombeza wakati huohuo.

Tulirudi kwa miguu, baba na mimi, kompyuta chini ya kwapa lake, wazi, kila mtu akiiona. Hakuna aliyetugusa. Tulipofika karibu na nyumbani alisema, “Nilishona vizuri sana.” Alisema kwa huzuni, na sijawahi kumsikia akiijutia kazi ya mikono yake kabla ya siku ile wala baada yake.

Kesho yake nilikwenda njia panda mapema, mgongo mtupu. Nilikuwa nimeikunja ile kofia ndani ya leso. Nilimwomba mama yule msamaha. Nilimweleza wezi, vijana, jenereta, kila kitu, na niliposikia maneno yangu mwenyewe nikaona yote ni ya kweli na hayatoshi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuliza njia.

“Madame, unataka kwanga ngapi?”

Nilimnyooshea kofia. Hakuipokea.

“Ile ni ya mutoto,” alisema. “Mupe mutoto.”

Baba naye alikwenda peke yake bila kuniambia, na blauzi aliyomshonea kwa kukisia vipimo. Alirudi nayo. Alisema mama yule alimkaribisha vizuri, akamsifu kwa ushonaji, akakataa. Blauzi ilining'inia katika duka lake muda mrefu na hakukubali kuiuza. Ilikuwa bado inaning'inia siku tulipomzika.

Miezi mingi baadaye nilipata mimba, na nikajifungua binti. Wanawake wa avenyu yetu walisema ni ile mashine iliyofungua njia, wakacheka, nami nikacheka nao. Kompyuta sasa imefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya kibanda changu cha kuchapa, na chini yake pana jina langu kwa herufi kubwa mbaya nilizochora kwa msumari. Nilichora siku arobaini ya baba ilipokwisha.

Binti alipofikisha umri wa kutoka, nilimfunga mgongoni kwa kikwembe kilekile, nikamvalisha kofia ya njano yenye mstari wa kijani. Ilimtosha. Nilishika njia ya Simi-Simi, ingawa sikuwa na shughuli huko. Njia nzima nilipanga namna itakavyokuwa: ataiona kofia, atainuka, atamfunua, nami sitasema neno, nitageuka tu ili amwone vizuri.

Mama muuza kwanga alikuwa palepale. Mbele yangu alihudumia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na nilimwona akiinuka nusu, akamvuta mtoto yule shavu, akamfunika mguu. Zamu yangu ikafika. Binti yangu alikuwa ameamka, na joto lilimkasirisha, akaanza kulia kwa nguvu zake zote, anarusha miguu kiunoni kwangu. Nikageuka kidogo ili kofia ionekane.

Aliiona. Najua aliiona, maana mikono yake ilisimama juu ya majani. Kisha ikaendelea. Alinichagulia kwanga, akaifunga, akaninyooshea bila kuinuka.

“Madame,” alisema, “machine yako iko inalia.”